Kifuniko cha Konea Kikihama: Fanya Hili, Usifanye Lile

Mdogo wangu wa kike alifanyiwa upasuaji wa macho wa leza ili aachane na miwani. Usiku wa kwanza alivua kikinga jicho kwa sababu kilimkera, akafikicha jicho la kushoto usingizini. Asubuhi liliamka na ukungu, linachoma, machozi yanamtiririka. Mimi dada yake ndiye niliyemwambia alale, litapoa lenyewe. Tukaenda hospitali siku ya nne. Kifuniko cha konea kilikuwa kimesogea na mikunjo yake imeshajikaza. Wakakifunua, wakakiosha, wakakinyoosha, mwishowe wakakishona. Leo anaona, lakini usiku taa za magari kwake zina mikia. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningepaswa kuyajua asubuhi ile ya kwanza.

Kwanza elewa ulichofanyiwa. Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, mikroni 540 hivi kwa watu wengi. Katika upasuaji wa LASIK, daktari hukata tabaka la juu lenye unene wa mikroni 100 hadi 160, ama kwa kisu cha mashine ama kwa leza, na kuacha sehemu ndogo ya ukingo ikiwa imeshika kama bawaba ya mlango. Hulifunua, leza ya pili ikachonga konea iliyo chini, kisha hulilaza tena mahali pake. Hatii uzi. Tabaka hilo ndilo kifuniko, na kinachokishika ni chembe za ndani ya konea zinazotoa maji na kukinyonya kishikamane, pamoja na ngozi nyembamba ya juu inayoziba ukingo ndani ya saa 24 hivi. Baadaye ukingo hupata kovu. Sehemu ya katikati haishikani tena kama ilivyoumbwa, hata ipite miaka mingapi. Kila amri iliyomo humu imetokana na hilo.

SIKU ZA MWANZO

Usifikiche jicho. Si kwa kidole, si kwa kiganja, si kwa ncha ya khanga. Likiwasha, tia machozi bandia yasiyo na kihifadhi uliyopewa, kisha fumba taratibu. Usikaze kope kwa nguvu. Jicho lililokatwa namna hii huwa kavu kwa miezi kadhaa kwa sababu neva za konea nazo zimekatwa, na jicho kavu hung'ang'aniwa na kope wakati wa usingizi. Ndiyo maana matone hayo hutiwa hata wakati hujisikii kuwashwa. Vifuniko vingi vinavyohama mapema huhama ndani ya saa 24 za kwanza.

Vaa kikinga jicho kila unapolala, hata usingizi wa mchana, kwa siku zote ulizoagizwa. Kinachotakiwa ni kile cha plastiki ngumu kinachosimama mbali na kope. Pamba iliyobanwa kwa plasta haikingi, hukandamiza. Mtoto mchanga asilale nawe wiki hiyo. Ukucha wa mtoto ni mdogo, lakini ni mkali na hauna breki.

Usiache maji ya bomba, ya kisima wala ya bahari yaingie jichoni. Maji hayo yana vimelea ambavyo jicho zima hupambana navyo, lakini vikipata njia chini ya kifuniko hukaa pahali ambapo damu haifiki na dawa hupenya kwa shida. Nawa uso kwa kitambaa safi chenye unyevu na uruke macho. Kwa Muislamu anayeuliza kuhusu udhu: mwambie daktari akueleze ni siku ngapi uso usiguswe na maji, kisha mpelekee shekhe wako maelezo hayo. Dini imeweka nafasi kwa mgonjwa, itumie.

Usipake wanja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huwaeleza wagonjwa kwamba huenda wakahitaji kukaa hadi wiki 2 bila vipodozi na losheni kuzunguka jicho, wajiepushe na kuogelea kwa mwezi 1 hadi 2, na wasiingie kwenye michezo ya kugongana kama ndondi na karate kwa wiki 4 angalau. Daktari wako akikuongezea muda, mfuate yeye. Akina mama wa pwani, wanja wa kalamu na wa unga wote ni wanja.

Rudi kukaguliwa ndani ya saa 24 hadi 48, hata kama unaona hadi sindano iliyodondoka sakafuni. Hapa ndipo watu hukosea wakiwa na furaha. Lipo tatizo ambalo madaktari Smith na Maloney walilieleza mwaka 1998. Hufanana na mchanga uliopigwa na upepo, na wapasuaji wakazoea kuliita mchanga wa Sahara. Chembe za kinga za mwili humiminika katika nafasi iliyo chini ya kifuniko, siku ya kwanza au ya pili, na mara nyingi jicho haliumi wala haliwi jekundu. Mgonjwa hawezi kulijua. Anayeliona ni daktari mwenye darubini. Likikamatwa mapema hutulizwa kwa matone ya steroidi ya kila saa. Likiachwa, konea inaweza kuyeyuka katikati na kuacha kovu, na mwenye jicho akabaki na namba mpya ya miwani isiyotibika kwa urahisi.

Usipande ndege kabla ya ukaguzi huo. Wengi wetu hufuata upasuaji huu India, Uturuki au Dubai, na tiketi ya kurudi huwa imekatwa kabla ya jicho kuguswa. Ndege yenyewe haikiondoi kifuniko. Hatari ni kuwa Mwanza au Lubumbashi siku ya tatu, na mtu anayelijua jicho lako yuko ng'ambo ya bahari. Panga kukaa wiki nzima. Kama fedha ya wiki hiyo haipo, ahirisha upasuaji mpaka ipatikane.

Omba taarifa ya upasuaji kwa maandishi. Iwe na tarehe, unene wa konea kabla ya kukatwa, unene wa kifuniko, upande ilipo bawaba, kiasi kilichochongwa, na dawa zote ulizopewa. Karatasi hiyo itahitajika tena uzeeni ukipata mtoto wa jicho, kwa sababu hesabu ya lenzi ya kupandikiza hupotoka daktari asipojua konea iliwahi kuchongwa. Piga picha, itume kwa mtu unayemwamini, na ya karatasi ihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

JICHO LIKIBADILIKA

Usisubiri kesho. Ukungu wa ghafla, maumivu ya kuchoma, machozi yasiyokoma, mwanga unaoumiza, hisia kwamba kuna kope imenasa ndani, kuona kitu kimoja kuwa viwili kwa jicho hilohilo moja: dalili yoyote kati ya hizi inatosha kukutoa nyumbani, hata usiku. Kifuniko kilichohama hurudishwa vizuri zaidi kikiwa na saa chache tu. Kila saa inayopita, mikunjo hukauka kama alama za nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, na ngozi ya juu huanza kujaza mabonde yake. Ikishajaza, kunyoosha peke yake hakutoshi.

Usijaribu kukirudisha mwenyewe. Usikisukume kwa kope, usikisafishe kwa pamba, usivute kitu chochote unachokiona kinaning'inia. Hicho unachodhani ni uchafu kinaweza kuwa konea yako.

Weka ngao, kisha safiri. Kama kikinga jicho kimepotea, kata kitako cha kikombe cha karatasi au cha plastiki, kilaze juu ya mifupa inayozunguka jicho, shikiza kwa plasta bila kugusa kope. Keti, usiinamie magoti. Bodaboda iwe chaguo la mwisho kwa sababu ya vumbi na upepo.

Kuna hali moja tu ambayo kuosha hutangulia kukinga. Ukimwagikiwa chokaa, saruji, asidi ya betri, dawa ya kufungua mabomba au pilipili ya kusaga, osha papo hapo kwa maji mengi safi, kifuniko au pasipo kifuniko, kwa dakika nyingi, halafu ndiyo uende hospitali. Kemikali hula jicho zima.

Usinunue matone dukani. Nalisema hili kwa uchungu, maana kila mtaa una duka la dawa na kila duka lina ile chupa ndogo ya deksamethazoni iliyochanganywa na jentamaisini. Muuzaji hukuuliza swali moja tu, "Jicho linawasha?", na kukupa. Deksamethazoni ni steroidi. Kwenye mchanga wa Sahara, steroidi ni tiba. Kwenye maambukizi ya bakteria au fangasi yaliyojificha chini ya kifuniko, hupunguza wekundu, ukaona nafuu siku mbili, huku wadudu wakila konea bila kuzuiwa. Na kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya macho. Dawa hiyohiyo, jicho linalofanana kwa nje, matokeo matatu tofauti. Muuzaji wa dukani hana darubini ya kuyatenganisha.

Usitie dawa ya kienyeji jichoni. Maji ya majani, asali, maziwa ya mama, mkojo, mate ya mzee: hakuna kimoja kilicho salama juu ya konea iliyofunguliwa. Anayekuletea anakupenda, najua. Mpokee kwa heshima, mshukuru, usiitie.

Usizidishe wala usikate matone uliyoandikiwa. Kuacha ghafla kwa sababu jicho limekuwa zuri ni kosa, na kuendelea kwa mwezi wa pili kwa sababu chupa haijaisha ni kosa pia.

UKIFIKA KWA DAKTARI, NA NENO KWA TABIBU WA KITUO

Sema sentensi hii kabla ya nyingine zote: "Nimefanyiwa LASIK, nina kifuniko cha konea." Iseme hata kama ni miaka mingi iliyopita. Bila sentensi hiyo jicho lako litatibiwa kama jicho jekundu la kawaida.

Wewe tabibu wa zahanati au kituo cha afya, usiweke marhamu ya tetrasaikilini kwenye jicho ambalo kifuniko chake kinaweza kuwa kimefunguka. Najua ndiyo iliyo kabatini, na kwa macho mengine ni dawa nzuri. Hapa mafuta yake yanaweza kupenya chini ya kifuniko na kubaki. Usilifunge jicho kwa kulibana. Usimpe mgonjwa matone ya ganzi aende nayo nyumbani. Weka ngao ngumu, andika saa tatizo lilipoanza, piga simu kuliko na daktari bingwa wa macho, mpeleke siku hiyohiyo. Hospitali kama KCMC Moshi, CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam, na Kikuyu nchini Kenya zina huduma za macho za ngazi hiyo. Barua ya rufaa inayosema "jicho linauma" haimsaidii anayepokea.

Na wewe mgonjwa, elewa kitakachofanyika, ili usikatae linalopaswa wala usilazimishe lisilopaswa.

Kifuniko kikiwa kimehama au kimekunjamana, kubali kifunuliwe mara moja. Utatiwa ganzi ya matone. Chini ya darubini daktari atakiinua, ataosha pande zote mbili, atakwangua ngozi iliyotambaa ndani, atakilaza na kukipangusa kwa sponji yenye unyevu mpaka kikae, na kusubiri kishike. Kisha mara nyingi huvalishwa lenzi laini isiyo na namba inayofanya kazi ya bendeji. Mikunjo mikaidi hushonwa. Lakini mikunjo midogo sana, inayoonekana kwenye darubini tu na isiyomsumbua mgonjwa, huachwa ilivyo, na daktari anayekuambia iachwe si mzembe.

Usishangae ukiambiwa acha steroidi. Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata walio kazini. Mgonjwa ametiwa matone kwa wiki moja au zaidi, ukungu unazidi, dozi inapandishwa, ukungu unazidi tena. Kumbe si mchanga wa Sahara. Steroidi imepandisha presha ya macho, na maji yamesukumwa yakajikusanya chini ya kifuniko kama mto. Kipimo cha presha kikiwekwa katikati, kinabonyea mto huo na kusoma presha ya chini, wakati ndani ya jicho presha iko juu na neva ya kuonea inaharibika. Muulize daktari kwa adabu: "Presha imepimwa pembeni, nje ya kifuniko?" Tiba ya hali hii ni kuacha steroidi na kushusha presha. Mtu aliyeendelezewa steroidi kwa majuma anaweza kupoteza uono ambao hakuna upasuaji utakaourudisha.

Kukiwa na doa jeupe, maumivu, wekundu na tongotongo, usikatae kukwanguliwa kwa ajili ya maabara. Maambukizi yanayokuja ndani ya siku 10 za kwanza mara nyingi ni ya bakteria wa kawaida wa ngozi na kope, kama stafilokoka. Yanayochelewa wiki 2, 3 au zaidi humlazimu daktari kuwashuku fangasi, na bakteria walio ndugu wa wale wa kifua kikuu wanaoishi majini na udongoni. Hawa hawauawi kwa dawa moja. Kifuniko hufunuliwa, sampuli huchukuliwa, chini huoshwa kwa antibiotiki, steroidi husimamishwa au hupunguzwa sana, na matone makali hutiwa kila saa, mchana na usiku. Kwa fangasi ipo natamaisini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Wakati mwingine kifuniko chenyewe hukatwa na kutupwa ili dawa ifike. Ni habari nzito kuisikia. Bado, konea isiyo na kifuniko ni bora kuliko konea iliyotoboka.

Ngozi ya juu ikiota chini ya kifuniko, usikimbilie kisu. Huonekana kama kisiwa cha rangi ya maziwa kikianzia ukingoni, wiki kadhaa baadaye. Kikiwa kidogo na kimetulia, hupimwa na kupigwa picha tu. Kikisonga kuelekea katikati, kikipunguza uono au kuanza kuyeyusha ukingo, ndipo kifuniko hufunuliwa, ngozi hiyo hukwanguliwa pande zote mbili, na pengine ukingo hushonwa au kugandishwa kwa gundi ya tishu ili isirudi. Kila kufunua huongeza nafasi ya ngozi kuota tena. Hivyo, mtu akikupendekezea kukifunua kifuniko cha miaka mingi ili akurekebishie namba ndogo iliyobaki, muulize kama marekebisho hayo hayawezi kufanywa juu bila kukifunua.

Usimlazimishe daktari amalize kazi kifuniko kikikatwa vibaya. Hutokea kisu kikakwama njiani, au kifuniko kikatoka na tundu katikati, hasa kwa konea zenye mwinuko mkubwa. Daktari mwema hapo huzima leza, hukirudisha kifuniko kilipokuwa, na kukuambia uondoke hujachongwa. Usinung'unike kwamba umeshalipa. Konea huachwa ipone kwa miezi kadhaa, kisha njia nyingine ya kuchonga juu hufikiriwa. Ambaye angepiga leza juu ya kifuniko chenye tundu angekuachia kovu katikati ya uono.

MIAKA IKIPITA

Usijisahau. Vifuniko vimewahi kung'olewa kwa pigo zaidi ya miaka 10 baada ya upasuaji: kidole kwenye mpira wa kikapu, tawi la mti, ukucha wa mtoto, mfuko wa hewa wa gari uliofumuka. Vaa miwani ya kinga ukichomelea, ukipasua kuni, ukipita na pikipiki. Bondia, mwanajeshi, askari, mcheza karate: mwambie daktari kazi yako kabla ya kukatwa. Zipo njia za leza zisizoacha kifuniko, na kwa watu kama ninyi ndizo za kuulizia kwanza.

Usifikiche hata baada ya miaka 10. Kufikicha huilegeza konea iliyopunguzwa unene. Namba ikianza kupanda kila mwaka na herufi zikawa na vivuli, omba upimwe ramani ya konea, maana konea inaweza kuwa inachongoka, na ikigunduliwa mapema huimarishwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno.

Na wewe uliye nyumbani na mgonjwa wa siku ya kwanza au ya pili, ambaye jicho limeamka na ukungu: usimwambie alale. Mvalishe kikinga, chukua karatasi za upasuaji, tafuta gari sasa hivi.